Somo: Kuuza hewa ukaa ya mikoko, hatua kwa hatua

Ndugu zangu wa pwani, kila nikikaa na kikundi naulizwa, "Tutalipwa ngapi?" Kinachouzwa ni hewa ukaa, ile hewa inayochafua anga, ambayo mikoko huinyonya na kuihifadhi; mnunuzi huwalipa mnaoulinda msitu. Lakini kabla ya malipo, naomba tuanze na kuni.

Hatua ya 1: Kaeni baraza, na wakataji wawepo. Muuza boriti na mama anayepikia kuni ndio watakaoulinda msitu au kuumaliza. Mkiwafungia bila kuwapa pa kukata, watahamia hori la pili, na hewa mliyozuia hapa itatokea kule. Ndiyo maana Gazi, kijiji cha Kwale, pwani ya Kenya, wanaouza hewa ukaa ya mikoko yao, walipanda mivinje ya kukata nchi kavu.

Hatua ya 2: Makaratasi. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932. Sajilini chama cha jamii cha msitu, andaeni mpango wa usimamizi, kisha mtie saini makubaliano na KFS, yaani Huduma ya Misitu ya Kenya.

Hatua ya 3: Kupima. Hapa msiharakishe. Subirini bamvua, maji yakishatoka kabisa. Pigeni kamba kiwanja cha mita 10 kwa 10. Mchu na mkandaa, aina mbili za mikoko, hupimwa unene mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenyewe una mizizi iliyotanda kama miguu ya kaa: tafuteni mzizi ulioshika juu kuliko yote, pandeni sentimita 30, ndipo mzungushe utepe. Utepe usilale upande. Mmoja anasoma, mwandishi anairudia namba kwa sauti kabla ya kuiandika, tena kwa penseli, maana wino hauna ubavu mbele ya maji chumvi.

Hatua ya 4: Mkaguzi wa nje. Tani moja ya hewa ukaa iliyothibitishwa ni cheti kimoja, na cheti ndicho kinachouzwa. Gazi na kijiji jirani cha Makongeni wamekuwa wakiuza tangu 2013, kama tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zimeleta maji na vitabu vya shule.

Hatua ya 5: Mkataba. Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, kama ilivyorekebishwa 2023, inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa ardhi. Ulizeni kila gharama itakayokatwa kabla ya asilimia hiyo, nayo iandikwe.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Tukipanda miche 1,000 sasa, mwakani tutalipwa?
Jibu: Marahaba, mwanangu. La, mche wa mwaka mmoja hauna uzito wa kuuzika. Gazi wana hekta 117, na 107 kati ya hizo ni miti ya asili waliyoilinda isikatwe.

Swali: Mizinga yetu ya nyuki je?
Jibu: Iacheni, ila iingizwe kwenye mpango wa usimamizi.

Swali: Mtu akikata usiku, tufanyeje?
Jibu: Kipimeni kisiki, andikeni tarehe na mahali, na tani zipunguzwe. Msikifiche. Mchu ukikatwa huchipua, lakini kisiki cha mkoko hakichipui. Mkaguzi atakikuta palepale.