Maharage, mahindi na hewa ukaa: jaribio la wiki tano la kufanyia uani

Mkulima mmoja wa mpunga aliwahi kunibana mbele ya mkutano wa kijiji. "Bwana shamba, si wewe uliyetufundisha kuwa mmea unakula hewa ukaa? Sasa ikiongezeka, si mbolea ya bure hiyo?" Wenzake wakacheka. Nikajibu kwa maneno mengi, yakaingia sikio hili yakatokea lile. Siku hizi nikiulizwa hivyo natoa mizani.

Swali lake halikuwa la kijinga. Kabla ya enzi za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, karibu 280 zilikuwa hewa ukaa. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuipima mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Leo imevuka 420 na bado inapanda. Mmea unaionaje hali hiyo? Jibu unaweza kulipima mwenyewe kwa sukari, hamira na ndoo: mimea ya sanduku moja inaongezewa gesi ya hewa ukaa itokayo kwenye hamira, ya sanduku la pili inabaki na hewa ya kawaida, kisha unalinganisha.

Hatua ya 1: Chagua mimea miwili isiyofanana

Ndani ya jani kuna kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho kazi yake ni kuikamata hewa ukaa ili itengenezwe sukari. Kina ila moja: hakitofautishi vizuri hewa ukaa na oksijeni. Ni kama kuli wa sokoni asiyetazama alama ya gunia. Mara abebe lako, mara abebe la jirani, na kila akikosea mmea unaingia gharama ya kurudisha mzigo. Hewa ukaa ikiongezeka, makosa yanapungua. Ndivyo ilivyo kwa maharage, mpunga, ngano, mihogo, pamba, kahawa na miti karibu yote. Wataalamu huiita mimea ya C3.

Mahindi, mtama, uwele na miwa ni ya C4, nayo ina pampu. Hewa ukaa hukusanywa kwanza, kisha husukumwa hadi kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, na rubisko ya humo ndani tayari imezungukwa na hewa ukaa tele. Ukiiongezea nje, unampakulia aliyekwisha shiba. Mkonge na nanasi wana utaratibu wa tatu, wa kufungua vitundu vya majani usiku, lakini hukua polepole mno kwa wiki tano. Tuwaache.

Kwa hiyo: maharage mafupi yasiyotambaa, na mahindi.

Hatua ya 2: Ndoo, si kopo

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Nilipanda kwenye makopo ya maziwa ya unga, nikasubiri wiki tano, na maharage ya pande zote mbili yakawa na uzito uleule. Nusura nirudi kijijini kusema hewa ukaa haina lolote. Nilipopindua kopo nikaona mizizi imejizungusha ukutani kama uzi kwenye kibiringo, udongo hauonekani. Mmea ulikuwa unatengeneza sukari ya ziada lakini hauna pa kuipeleka, na mmea ukikosa pa kupeleka sukari hupunguza kuitengeneza.

Jambo hili limewasumbua hata watafiti. Mwaka 2009 lilichapishwa jaribio la Australia la mihogo iliyopandwa kwenye vyungu chini ya hewa ukaa nyingi: mizizi ilipungua na sumu ya sianidi kwenye majani ikaongezeka. Mwaka 2012 likachapishwa jingine la Illinois, Marekani, mihogo ikiwa imepandwa shambani: uzito mkavu wa mizizi uliongezeka zaidi ya maradufu. Sisemi chungu peke yake ndicho kilicholeta tofauti, maana hata kiwango cha gesi hakikuwa sawa. Ila nikisoma jaribio lolote la hewa ukaa siku hizi, kitu cha kwanza ninachotafuta ni ukubwa wa chungu.

Tumia ndoo za lita 10, zitoboe chini. Unahitaji 12. Nne jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, panda maharage. Nne jaza udongo wa kichanga uliochoka, panda maharage pia. Nne za mwisho weka udongo wa samadi, panda mahindi. Mbegu tatu kila ndoo, kisha punguza ubaki mche mmoja.

Hatua ya 3: Masanduku mawili

Funga fito au mbao upate masanduku mawili ya mita 1 kwa mita 1, kimo mita 1.5, uyavike nailoni ng'avu. Yaweke yanapopata jua la asubuhi. Kila moja litachukua ndoo sita, mbili za kila aina. Juu acha uwazi wa upana wa kiganja, chini upande mmoja uwazi wa vidole viwili. Tundika neti ya kivuli juu ya yote mawili kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, la sivyo utapika mboga. Ning'iniza kipimajoto ndani ya kila moja. Tofauti ya joto kati ya masanduku ikizidi nyuzi moja au mbili, rekebisha uwazi kabla ya kupanda chochote.

Usishawishike kuliziba kabisa sanduku lisilo na gesi eti ili "hewa isiingie". Mimea ikiamka asubuhi hula hewa ukaa iliyomo, na kabla ya adhuhuri kipimo kinaweza kushuka chini ya 300. Hapo hutakuwa unalinganisha hewa ya leo na ya kesho. Utakuwa unalinganisha aliyeshiba na mwenye njaa.

Hatua ya 4: Gesi ya hamira

Hesabu yake ni fupi. Sanduku lina lita 1,500 za hewa. Kutoka 420 kufika 800 unahitaji kuongeza kama lita 0.6 tu za hewa ukaa. Gramu 100 za sukari zikichachuka zote hutoa hadi lita 28 hivi. Kwa karatasi ni nyingi, lakini nailoni inavuja na mimea inakula.

Chupa ya lita 1.5: maji ya uvuguvugu lita moja, sukari gramu 100, hamira nusu kijiko cha chai. Toboa kifuniko, pitisha mpira wa dripu, zungushia gundi. Anza na chupa mbili, ukibadilisha moja kila siku ili zisiishiwe nguvu pamoja. Kuanzia wiki ya tatu, majani yakishakuwa mengi, ongeza ya tatu. Mdomo wa mpira uufunge juu ndani ya sanduku, mbele ya feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, kwa sababu hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida na ukiiacha itatulia chini kwenye ndoo. Feni weka kwenye sanduku la pili pia. Weka na chupa, zenye maji matupu. Maji ya sukari bila hamira hayafai, kwa joto letu yatachachuka yenyewe.

Usijaze chupa hadi shingoni. Povu langu liliziba mpira usiku mmoja, na saa nane jirani akagonga akiuliza kama nimesikia risasi.

Kuna wanaouliza kama wanaweza kuchoma mkaa badala yake. Hapana. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, nayo inaua watu.

Kipima hewa ukaa cha mkononi kikague kwanza nje penye upepo. Kisome kati ya 410 na 450. Ukipima, simama upande ambao pumzi yako haiingii, kwani pumzi ya mtu ina kama 40,000. Lenga kati ya 700 na 900. Asubuhi ikisoma 900 na adhuhuri 550, si kosa, andika tu.

Kila Jumapili badilishana: ndoo za gesi na chupa zake zihamie sanduku la pili, na za huko zije huku. Kazi inachosha, lakini usipofanya hivyo hutajua kama ni gesi au ni sanduku la mashariki kupata jua zaidi.

Hatua ya 5: Pima maji kwa mizani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na inahitaji mizani ya kidijitali ya dukani tu, ile ya kilo 30 inayosoma gramu 5. Katika wiki ya nne mwagilia jioni, acha ndoo zichuruzike usiku. Saa kumi na mbili asubuhi funika udongo kwa mfuko wa plastiki, uufunge kwenye shina kwa uzi ili maji yasipotee ila kupitia majani. Pima. Saa kumi na mbili jioni pima tena. Tuseme ndoo ilikuwa gramu 11,240 na sasa ni 10,985: mmea umetoa mililita 255 za maji kwa siku.

Kisha chora majani yake kwenye karatasi ya grafu, hesabu miraba upate eneo lake, gawanya. Usiruke sehemu hii. Mmea wa kwenye gesi hufungua stomata, yaani vile vitundu vya jani, kwa wembamba zaidi, hivyo kila sentimita ya jani hutoa maji kidogo. Lakini maharage yaliyonenepa yana majani mengi. Nimewahi kuona ndoo mbili zimekunywa karibu sawa wakati jani kwa jani tofauti ilikuwa wazi kabisa.

Ukitaka kuviona vitundu vyenyewe, paka rangi ya kucha isiyo na rangi chini ya jani, mbali na mshipa mkuu. Subiri dakika kumi, bandika selotepu, bandua, ibandike kwenye kioo cha hadubini. Utaona midomo midogo imetapakaa. Hesabu sehemu tano tofauti za kila jani. Usitarajie idadi ibadilike sana ndani ya wiki tano. Kinachobadilika haraka ni upana wa mdomo. Idadi nayo hupungua, ila kwa mwendo mrefu. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea F. I. Woodward alichapisha hesabu ya majani ya miti yaliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa miaka 200 nchini Uingereza, na stomata zilikuwa zimepungua kwa kama 40%.

Hatua ya 6: Ng'oa

Mwisho wa wiki ya tano lowesha ndoo, ziinamishe polepole, osha mizizi kwenye beseni. Kabla ya kukausha, chukua vinundu vya mizizi ya maharage, vipasue kwa kucha. Chenye rangi ya waridi kama nyama mbichi kiko kazini, kinavuta naitrojeni ya hewani. Kijani au kijivu kimekufa au kimelala. Bakteria wa humo hulishwa sukari na mmea, na mmea wenye sukari ya ziada unaweza kuwalisha zaidi. Ndiyo maana jamii ya kunde hufaidi gesi kuliko mazao yanayosubiri mbolea kutoka kwa mtu.

Anika kwenye mifuko ya karatasi hadi uzito uache kushuka. Hapo mizani ya dukani haitoshi, kaazime ya sonara.

Hatua ya 7: Soma ulichopata

Maharage ya samadi ndiyo yatakayoonyesha tofauti kubwa. Ya udongo uliochoka yataongezeka kidogo, au yasiongezeke, hasa vinundu vikiwa vichache. Mahindi yaliyomwagiliwa vizuri yatakuwa karibu sawa pande zote. Ukiyanyima maji siku nne za mwisho, ya kwenye gesi huchelewa kujikunja majani, kwa sababu yalibana maji mapema. Jaribio la mashambani huko Illinois, ambako gesi hupulizwa kwenye uwanja wazi hadi kama 550, liliona hivyohivyo: mahindi hayakuongeza mavuno penye maji ya kutosha.

Tofauti yako ikiwa kubwa mno, usiitangaze. Majaribio ya wazi ya namna hiyo yaliongeza mavuno ya ngano, mpunga na soya kwa kiasi kidogo kuliko yaliyofanywa kwenye vyumba na masanduku kama haya yetu. Tena shambani gesi haiji peke yake, inakuja na joto, na mvua zisizoshikika.

Kuna kitu mizani haitakuonyesha. Mwaka 2014 mtafiti Samuel Myers na wenzake walichapisha vipimo vya nafaka zilizolimwa kwenye viwanja hivyo vya gesi. Ngano ilikuwa na zinki pungufu kwa 9.3% na chuma pungufu kwa 5.1%. Mchele ulipungukiwa protini kwa 7.8%. Soya na njegere nazo zilipungukiwa zinki na chuma. Gunia linaweza kuwa zito na sahani ikawa nyepesi.

Namba hiyo ya mchele ndiyo iliyomnyamazisha yule mkulima. Alipokuja uani akapima ndoo zote 12 mwenyewe, akapasua vinundu, akanusa chupa na kuuliza kama tunapika pombe. Kisha akasema maharage ni ya kwangu, yeye analima mpunga. Basi awamu ijayo ni mpunga, na ndoo hizo hazitobolewi chini.