Somo: Ratiba ya picha nyumbani kwa mtoto mwenye usonji

Nimeulizwa mara nyingi mno jinsi ya kutengeneza ratiba ya picha, yaani picha zilizopangwa kumwonyesha mtoto jambo gani linafuata, kwa hiyo naliandika mara moja likae hapa.

1. Chagua kipande kimoja cha siku, kama asubuhi au kabla ya kulala.

2. Piga picha vitu vyake mwenyewe: mswaki wake, viatu vyake, kitanda chake.

3. Zipange juu kwenda chini, usawa wa macho yake. Anza na tatu.

4. Jambo likiisha, mtoto mwenyewe aiondoe picha na kuitia kwenye kopo.

5. Hapa ndipo nilipoharibu. Picha ya mwisho ilikuwa bembea, anayoipenda kuliko kitu chochote. Siku moja aligoma kuvaa viatu, nikainyofoa kwa hasira. Kesho yake hakuigusa ratiba, na zilipita wiki tatu ndipo akaiamini tena. Usiitumie kumwadhibu. Usitundike usichoweza kutimiza. Mvua ikizuia bembea, chora alama ya X juu ya picha ile mbele ya macho yake, kisha weka nyingine kando. Usibadilishe kimyakimya.

6. Akizoea, ongeza picha mojamoja.

MASWALI

– Nianze na picha ngapi?

Hatua ya 3.

– Nimejaribu siku mbili, hakuna kitu. Hakuna dawa?

Siku mbili ni chache mno. Habari za dawa muulize daktari wake, mimi nimeandika kuhusu ratiba.

– Wangu huiona picha kama karatasi tu. Ila akishikishwa taulo anaelekea bafuni mwenyewe. Naweza kutumia vitu?

Umemsoma vizuri sana mwanao. Ndiyo, tundika vitu halisi: taulo dogo, kijiko, soksi. Baada ya muda bandika picha juu ya kitu, na picha ikieleweka, kitu kiondoe. Hata asiyeona vizuri anaweza kuvipapasa.

– Asante mno. Na sweta? Kila asubuhi ni kilio.

Anzia mwisho. Mvalishe wewe, umwachie kulishusha tumboni tu. Akiweza, mwachie na mkono wa pili, halafu wa kwanza. Hivyo kila siku anayemaliza ni yeye.

– Sisi tumeacha kubandika picha kwa gundi, tunazitundika kwa kamba na vibanio vya nguo.

Hiyo nzuri, naichukua. Tena kubana na kubanua kunampa nguvu vidole vya kushikia penseli.