Ipe flashi lebo, skripti isipotee njia

Kwenye Linux, flashi isiyo na lebo hupachikwa (yaani huunganishwa kwenye folda ili uisome) kwa UUID, namba ya utambulisho wake, kwa mfano /media/jina-lako/3A4F-91C2 (Fedora na Arch huanzia /run/media), na namba hiyo hubadilika kila ukiifomati upya. Ipe lebo yako mwenyewe. Anza na `lsblk -f` uone mfumo umeipa jina gani, sdb1 au sdc1. Usikisie, maana herufi hizo hufuata mpangilio wa kuchomeka. Kisha (weka jina la yako badala ya sdb1):

1. `udisksctl unmount -b /dev/sdb1`
2. `sudo fatlabel /dev/sdb1 PICHA`
3. Chomoa, chomeka tena.

Sasa njia ni /media/jina-lako/PICHA, hata ukibadilisha tundu la USB. Kwa flashi iliyofomatiwa kwa FAT lebo isizidi herufi 11, na tumia herufi kubwa, kwani ndogo huleta shida kwenye baadhi ya mifumo. Iliyofomatiwa kwa Ext4 inataka `e2label`, mwisho herufi 16. Nafasi kati ya maneno inaruhusiwa, lakini utasumbuka kuweka alama za nukuu kila mara.

Inagoma wapi? Flashi mbili zenye lebo moja: ya pili inakuwa PICHA1, na skripti ya chelezo (nakala za akiba) inanakili kwenye isiyo yake bila kulalamika. Kwa hiyo mwanzoni mwa skripti weka `findmnt -S LABEL=PICHA || exit 1`; flashi isipopachikwa, kazi inasimama hapo hapo. Kwa zile mbili zilizofanana haitoshi: badilisha lebo ya mojawapo, au tumia UUID.