Kusoma dinari ya Tiberio, herufi kwa herufi

Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili aliniomba nimsaidie kusoma picha ya dinari, sarafu ya fedha ya Warumi, ile ya swali la kodi katika Marko 12. Injili haisemi ilikuwa ya Kaisari yupi. Inayodhaniwa zaidi ni hii ya Tiberio, aliyetawala mwaka 14 hadi 37.

1. Tafuta picha safi ya pande zote mbili. Tovuti ya British Museum inatosha. Ukiwa na sarafu yenyewe, imulike kwa taa ya ubavuni, herufi zitoe kivuli. Usiisugue kwa limau wala magadi. Fedha ikishachubuka, hairudi.

2. Upande wa kichwa: Tiberio anatazama kulia, amevaa shada la majani, ncha za utepe zikining'inia kisogoni.

3. Maandishi. Hapa nenda polepole. Yakitimia husomeka TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. V ndiyo U yao, na maneno mara nyingi yamebanana. Mimi nilipoteza jioni nzima nikitafuta "AVGF" kwenye kamusi ya Kilatini, kumbe F inasimama peke yake: filius, mwana. Tena hao Augusto ni wawili. AVG ya kwanza ni Kaisari Augusto, aliyemfanya Tiberio mwanawe mwaka 4, akafa mwaka 14, na Seneti ikamtangaza mungu. AVGVSTVS ya mwisho ni Tiberio mwenyewe. Kwa hiyo DIVI ni ya baba: "Tiberio Kaisari Augusto, mwana wa Augusto aliyefanywa mungu". Wengi humbandika Tiberio uungu huo, na sarafu haisemi hivyo. Sarafu hizi zilipigwa chapa kwa nyundo; nyundo ikiwa ilipiga pembeni, herufi nyingine zimebaki nje ya ukingo. Usizijaze kwa kubahatisha. Tafuta STVS. Haijirudii popote, na hapo ndipo mwisho. Kutoka hapo rudi nyuma herufi moja moja.

4. Upande wa pili: PONTIF MAXIM, Kuhani Mkuu. Mwanamke ameketi, mkono mmoja fimbo ndefu, mwingine tawi. Wengi humwita Livia, mama yake Tiberio, lakini jina lake halimo. Mimi huandika "mwanamke aliyeketi" tu, na nakushauri ufanye vivyo. Kisha kuza picha uangalie miguu ya kiti: kwenye nyingine imenyooka tu, kwenye nyingine imenakshiwa. Wataalamu huzipanga dinari hizi kwa tofauti hiyo, maana sura yenyewe haikubadilika karibu utawala wote.

5. Pima. Nzima huwa na gramu 3.7 hivi.