Manukato ya Bahari ya Kiume: Yapime Kabla Hujatoa Pesa

Duka langu la marashi liko Langoni, Lamu. Kaskazi ikishika, wanaume huja kuniuliza manukato yenye harufu ya bahari: mepesi, ya baridi, ya kuvaa juani. Wengi hunusa kifuniko, wakatabasamu, wakaingiza mkono mfukoni. Mimi huwazuia. Manukato ya aina hii huweka uzuri wake wote mbele, kwa hiyo ninachotaka kujua ni kimoja tu: baada ya sala ya alasiri kimebaki nini? Hivi ndivyo ninavyopima.

Hatua ya 1: Njoo huna harufu nyingine

Siku ya kujaribu usifukize nguo. Kanzu iliyopita juu ya chetezo hubeba udi siku kadhaa, na udi utaziba kila kitu. Oga, usijipake mafuta mikononi, vaa fulana iliyofuliwa tu.

Hatua ya 2: Karatasi kwanza, ngozi baadaye

Karatasi ni ya kuchuja. Nusa aina nne au tano, ubakize mbili; zaidi ya hapo pua inachoka. Wapo wanaonusa buni ili kuituliza. Mimi hunusa ndani ya kiwiko changu, na inatosha. Zile mbili pulizia mara moja moja, kila kifundo cha mkono na yake, upande wa mshipa, umbali wa shubiri. Usisugue.

Hatua ya 3: Robo saa ya kwanza usiiamini

Kinachopanda mwanzo ni spiriti na maganda ya ndimu na bergamoti, tunda la jamii ya machungwa. Ndipo huja "bahari", na hapa ni vizuri ujue unanusa nini, maana bahari haikamuliwi ikatiwa chupani. Hutengenezwa maabara. Kiungo maarufu ni Calone, kilichogunduliwa na wanakemia wa kampuni ya Pfizer mwaka 1966: kina tikiti maji, kina upepo wa pwani, na kikizidi huleta harufu ya chaza. Cool Water ya Davidoff, aliyoitunga Pierre Bourdon ikatoka 1988, inaegemea sana dihidromirsenoli, kiungo kingine cha maabara, ule ukali safi unaoujua kwenye sabuni za kufulia. Acqua di Giò ya Giorgio Armani ilifuata 1996, na mpaka leo wateja wangu huitaja wanapotaka kulinganisha.

Sisi wa Lamu bahari yenyewe tunayo mlangoni. Maji yakitoka, simama gatini uvute pumzi: mwani, chumvi, mbao za jahazi zilizopakwa sifa. Kisha nusa mkono wako. Si lazima vifanane, lakini kama mkononi unapata tikiti lililoiva kupita kiasi au peremende, ujue jua litazidisha hilo hilo.

Hatua ya 4: Tembea nayo

Hii ndiyo hatua yenyewe. Toka Langoni ufuate ufuko mpaka Shela, kama dakika 45 kwa mwendo wa kawaida, utoke jasho. Joto huyarusha manukato: mwanzo husambaa kwa nguvu, halafu huisha mapema. Yaliyonuswa kwenye duka lenye kiyoyozi bado hayajajaribiwa.

Niliwahi kununua chupa ya 100 ml katika duka la uwanja wa ndege, nikiwa narudi nyumbani. Pale yalinipendeza mno, nikajipulizia shingoni na mikononi. Nikashuka Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege, nikavuka kwa boti, na nilipokanyaga gati ya Lamu hakikuwepo kitu ila utamu mwembamba, kama maji ya tikiti yaliyolala. Ile chupa nilikaa nayo miaka miwili, na kila nikiigusa nilijuta.

Nusa ukifika Shela, nusa adhuhuri, nusa baada ya alasiri. Mwishoni natafuta mwerezi, miski safi, au Ambroxan, kiungo cha maabara kinachofuata harufu ya ambari, ile ile iliyokuwa ikiokotwa kwenye fukwe za pwani hii. Eau de toilette, aina nyepesi ambayo manukato ya bahari mengi huuzwa, kwa kawaida huwa na asilimia 5 hadi 15 ya manukato yenyewe, kwa hiyo yakidumu saa 4 au 5 kwenye ngozi, kwangu yamefaulu.

Hatua ya 5: Muulize aliye karibu nawe

Pua yako huzoea. Kijana mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa harusi yake alinirudia alasiri amenyong'onyea.

"Ami, yameisha."

Nilimshika mkono nikanusa. Yapo, tena yametulia vizuri. "Hayajaisha, mwanangu. Nenda kamuulize mamako."

Akarudi baada ya magharibi. "Amesema nanukia kama nguo zilizoanikwa juani." Akayachukua.

Ukishapata jibu, siku nyingine yavae na kanzu yenye udi, maana Ijumaa ndivyo utakavyoyavaa. Yaliyojaa Calone mara nyingi hugombana na udi, yakatoa kama harufu ya chuma. Yenye mbao chini hupatana nao.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Mpulizo mmoja ni takriban 0.1 ml, basi chupa ya 50 ml ni mipulizo kama 500. Ukipuliza 5 kwa siku, una siku 100. Gawanya bei kwa 100 uone siku moja inakugharimu kiasi gani. Kama lazima upulize tena adhuhuri, gharama imekuwa maradufu, na hapo eau de parfum, aina nzito zaidi, ya bei kubwa zaidi huenda ikawa ndiyo rahisi.

Hatua ya 7: Kagua chupa

Namba ya toleo iliyo chini ya boksi ilingane na ya chupa. Kichwa kitoe ukungu mwembamba, kisidondoshe matone. Ukishanunua, usiyaweke dirishani wala kwenye pikipiki. Mwanga na joto huyaharibu. Yangu yamo ndani ya boksi lake, kwenye kidaka cha chumba cha ndani, ambako ukuta wa mawe ni mnene na mchana kutwa kuna ubaridi.