Kuchambua eksirei za Cassiopeia A kwa data za Chandra

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi ambaye data zake zilikuwa safi lakini majibu hayaingii akilini. Cassiopeia A ni masalia ya nyota iliyolipuka, na Chandra ni darubini ya eksirei iliyoko angani. Data ni za bure, na kompyuta ya kawaida inatosha.

1. Sakinisha CIAO, programu ya kuchambua data za Chandra, kwa conda (kisakinishi cha programu), kisha andika `download_chandra_obsid 114`. Huo ni uchunguzi wa Januari 2000, wa takriban saa 14. Endesha `chandra_repro` ili kuchakata data upya.

2. Fungua faili la matukio (orodha ya fotoni zilizonaswa) kwenye ds9, programu ya kuonyesha picha. Chuja 1.7–2.0 keV (kipimo cha nishati ya eksirei) uone silikoni, halafu 4–6 keV, ambako hakuna mistari mikubwa ya elementi. Ule uzi mwembamba wa ukingoni ni mnururisho wa sinkrotroni, yaani wa elektroni za kasi kubwa katika uga wa sumaku, kwa hiyo usiupime kama gesi ya moto.

3. Chora duara kuzunguka fundo moja dogo la gesi, utoe spektra (mgawanyo wa eksirei kwa nishati) kwa `specextract`. Spektra ya masalia yote kwa pamoja siipendi kabisa: inachanganya gesi za joto na umri tofauti, na wastani wake hauelezi mahali popote.

4. Modeli. Hapa ndipo watu hupotelea. Usitumie modeli ya `apec`, maana inachukulia kwamba ioni (atomi zilizopoteza elektroni) zimeshafikia usawa na joto la gesi. Usawa huo unataka msongamano wa elektroni ukizidishwa kwa muda ufike karibu 10¹² s/cm³; penye elektroni moja kwa kila sentimita ya ujazo, hiyo ni miaka kama 30,000. Cassiopeia A ina miaka 350 hivi. Tumia `tbabs*vnei`: `tbabs` ni ufyonzaji wa gesi iliyo mbele, na `vnei` ni gesi ambayo bado haijafikia usawa.

Bado kuna mitego. Joto na muda wa uionishaji (ule msongamano mara muda) huvutana: kimoja kikipanda, kingine hushuka, na ulinganifu unabaki mzuri vilevile. Chora kontua za viwili hivyo kabla ya kuamini namba yoyote. Achia `redshift` (msogeo wa mistari unaotokana na mwendo) huru pia, kwa sababu fundo linalokujia kwa kilomita 3,000 kwa sekunde husogeza mstari wa silikoni wa 1.86 keV kwa takriban eV 19. Ukiifunga, modeli itafidia kwa kupotosha hali ya uionishaji. Tena, usiripoti wingi wa silikoni peke yake. Gesi hii imejaa oksijeni, na mnururisho endelevu (ule usio na mistari) si lazima utoke kwa hidrojeni. Ripoti uwiano, kwa mfano salfa kwa silikoni.

5. Rudia kwenye fundo la upande wa magharibi, ukiacha `nH` (kiasi cha gesi iliyo mbele inayofyonza eksirei) huru: huko vumbi na gesi vilivyo mbele ni vizito zaidi.