Marejeleo ya APA kwenye makala ya Kiswahili: yaliyonikuta

Makala yangu ilirudishwa mara mbili kabla hata haijafika kwa wahakiki. Kosa halikuwa hoja, yalikuwa marejeleo. Mhariri aliandika sentensi moja tu: fuata mtindo wa jarida. Upi, hakusema.

Kwa hiyo anza na mwongozo wa waandishi wa jarida lenyewe, kisha fungua makala mbili za toleo lao la karibuni ulinganishe. Vikipingana, muulize mhariri kwa barua pepe na jibu lake ulitunze.

Wakisema APA, yaani mtindo wa marejeleo wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, uliza toleo la ngapi. Mimi nilimlipa kijana wa steshenari shilingi 30,000 anipangie. Akaweka mji wa uchapishaji kwenye kila kitabu, kama tulivyofundishwa wote. Kumbe toleo la 7, lililotoka 2019, limeuondoa mji. Linataka jina la mchapishaji tu. Nikakaa nafuta "Dar es Salaam:" moja baada ya nyingine, na hela hairudi. Toleo hilohilo linataka waandishi wakiwa watatu au zaidi, umtaje wa kwanza na "wenzake" tangu mara ya kwanza. DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, iandikwe kama kiungo kinachoanza na https://doi.org/, bila nukta mwishoni.

Mlazo, yaani herufi za kulala, mnaujua: jina la kitabu, au jina la jarida pamoja na juzuu. Namba ya toleo la jarida iliyo kwenye mabano hailazwi. Na "Prof." haiandikwi, hata kama ndiye msimamizi wako.

Kilichokula wiki yangu ni Zotero, programu ya kompyuta ya kutunza marejeleo. Ni ya bure na inapanga orodha yenyewe, ila yangu ilikuwa kwenye Kiingereza, basi makala ya Kiswahili ikajaa "et al.", "&" na "pp." Usiku kucha nikabadilisha: "na wenzake", "na", "kur." Asubuhi nikaongeza rejeleo moja lililosahaulika, nikasasisha. Orodha yote ikarudi Kizungu! Huku ndani ya matini programu ikaanza kunihoji, dondoo (rejeleo la ndani ya matini) moja moja, kama kweli nataka kubaki na nilichoandika. Karani wa dirishani ana nafuu.

Usiguse chochote kwa mkono mpaka uwe umemaliza kuongeza na kupunguza. Hapo hifadhi nakala mbili. Moja iache ilivyo, maana wahakiki watakuambia uongeze vyanzo. Kwenye ya pili bonyeza kitufe cha kutenganisha dondoo na Zotero, ndipo ufanye Uswahili wako. Ukishatenganisha hakuna kurudi, ndiyo maana ya nakala mbili.

Mwisho chapa orodha kwenye karatasi, upitie matini ukiweka tiki kila jina linapotajwa. Mimi nilikuta watatu kwenye orodha ambao sikuwataja popote, na mmoja niliyemnukuu ambaye hayumo.

Mara ya tatu nilijibiwa baada ya siku mbili: imepokewa, inapelekwa kwa wahakiki. Huko nako kuna foleni yake.